Akiba Haiozi, Kiporo Huoza: Somo la Chakula cha Sikukuu na Chai ya Asubuhi

Lugha yetu haikukosa jina la chakula kilichobaki usiku kikaliwa asubuhi. Wengi twakiita kiporo. Wengine husema mwiku, na wengine bariyo. Watu hawatungi majina matatu kwa kitu wasichokitumia. Tangu zamani wali wa jana ndio uliosindikiza chai ya leo, na mtoto aliyeamka mapema ndiye aliyeupata.

Walakini liko neno la nne ambalo si ndugu wa hayo matatu, nalo ni makombo. Kiporo ni chakula kilichobaki sufuriani, kisichoguswa na mlaji. Makombo ni masalio ya sahani, yaliyokwisha kuguswa na vidole, vijiko na mate. Yafaa mwanafunzi aishike tofauti hiyo tangu mwanzo, maana somo letu zima limesimama juu yake: kiporo chaweza kuwekwa, makombo hayawekwi.

Likizo ya Desemba ina Krismasi, na mara baada yake huja Mwaka Mpya. Idi nazo huufuata mwezi, kwa hiyo huzunguka mwaka mzima. Katika sikukuu hizi zote nyumba nyingi hupika kupita idadi ya walaji, kwa kuwa mgeni hatumi barua kwamba atakuja. Siku ya pili yake chakula kingi humwagwa. Kisha Januari huingia na mambo yake: sare, madaftari, nauli. Mfuko wa mzazi hupungua, na asubuhi mwanafunzi hunywa chai ya rangi tupu akakimbilia shule. Ikifika saa 4 hamsikilizi tena mwalimu, analisikiliza tumbo lake. Basi nyumba ile ile iliyomwaga nyama na wali wiki mbili zilizopita leo haina kitafunio. Nia ya somo hili ni kuziunganisha siku hizo mbili kwa msaada wa friza, na kueleza jinsi ya kufanya hivyo bila kumwuguza mtu.

Methali yasema, Akiba haiozi. Ni kweli kwa fedha iliyo kibindoni. Kwa sufuria ya pilau si kweli hata kidogo. Kiporo huoza, tena huanza kuharibika mapema kuliko tudhaniavyo. Kwa hiyo mwenye kutaka kukigeuza kiwe akiba hana budi kushindana na saa.

KWA NINI CHAKULA HUHARIBIKA

Chakula kilichopikwa huharibiwa na viumbe hai vidogo mno visivyoonekana kwa macho, viitwavyo bakteria. Vinapenda vitu vitatu: maji, chakula na joto la vuguvugu. Pilau, mchuzi na viazi vina maji na chakula tele. Joto tunavipa sisi wenyewe kwa kuviacha mezani.

Shirika la Afya Duniani lafundisha kwamba joto la hatari liko kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 za Selsiasi, na kwamba chakula kilichopikwa kisiachwe katika joto la chumba kwa zaidi ya saa 2. Katika miji ya pwani kama Tanga na Dar es Salaam, mchana wa Desemba hufika nyuzi 30. Hapo bakteria hawahitaji kubembelezwa.

Na tufanye hesabu. Bakteria mmoja, akipata joto limfaalo, aweza kugawanyika akawa wawili kwa muda wa dakika 20 hivi. Wawili hao huwa wanne, na wanne huwa wanane. Basi kila saa 1 idadi huongezeka mara 8. Tuseme sufuria imeepuliwa mchana, ikafikia uvuguvugu saa 8, nayo imesahauliwa mpaka wageni wa mwisho waliposindikizwa saa 3 usiku. Huo ni muda wa saa 7. Bakteria mmoja wa saa 8 mchana atakuwa amezaa hivi:

Baada ya saa 1: 8
Baada ya saa 2: 64
Baada ya saa 3: 512
Baada ya saa 4: 4,096
Baada ya saa 5: 32,768
Baada ya saa 6: 262,144
Baada ya saa 7: 2,097,152

Tazama jinsi saa 2 za kwanza zilivyo za amani, na jinsi saa 2 za mwisho zilivyo za balaa. Ndiyo maana ya kanuni ya saa 2. Si kwamba bakteria huanza kazi baada ya saa 2, bali huo ndio wakati tuwezao kuwazuia wakiwa bado wachache.

WALI NA SUMU YAKE

Watu wengi huiogopa nyama na kuuamini wali. Wapaswa kuviogopa vyote viwili. Yuko bakteria aitwaye Bacillus cereus, akaaye udongoni na kwenye nafaka. Hujifunika kwa ganda gumu mfano wa mbegu, na katika hali hiyo huvumilia kuchemshwa. Wali ukiiva, yeye yumo bado, amelala. Wali ukipoa polepole mezani huamka, huongezeka, na hutoa sumu. Alaye wali huo aweza kuanza kutapika katika muda wa nusu saa hadi saa 6.

Hapa zipo desturi mbili za nyumbani zinazohitaji kuangaliwa upya.

Ya kwanza ni ya kunusa. Mtu hufunua sufuria, huinamisha pua, kisha husema, "Bado hakijachacha." Pua ni shahidi mzuri wa chakula kilichooza kabisa, lakini sumu hiyo haina harufu wala ladha. Wali waweza kunukia iliki na mdalasini na bado ukamlaza mtu kitandani.

Ya pili ni ya kukichemsha tena chakula kilichoshinda nje, kwa kuamini kwamba moto husafisha kila kitu. Moto huwaua bakteria walio hai. Hilo ni kweli. Lakini sumu ya wali itapishayo, ikisha kutengenezwa, haiharibiwi na moto wa jikoni. Chakula kilichokawia katika uvuguvugu hakiokolewi kwa kuchemshwa, wala hakiokolewi kwa kugandishwa. Hakina dawa ila kutupwa. Hasara ya sahani chache za pilau ni ndogo kuliko kumpeleka mtoto hospitali usiku wa sikukuu. Watoto wadogo, wazee na akina mama wajawazito ndio wanaoumia zaidi.

BARAFU HUFANYA NINI

Friza nzuri hukaa katika baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Katika baridi hiyo bakteria hawakui, lakini wengi wao hawafi. Hulala tu, na barafu ikiyeyuka huamka. Friza, basi, ni mlinzi, wala si mganga. Huhifadhi chakula katika hali ile ile kilichoingia nayo: kikiingia kizuri hutoka kizuri, kikiingia kibovu hutoka kibovu.

Jambo la pili ni mwendo wa kugandisha. Mmarekani mmoja, Clarence Birdseye, alikaa Labrador, nchi ya barafu ambayo leo ni sehemu ya Kanada, miaka michache kabla na mwanzoni mwa Vita ya Kwanza ya Dunia. Aliwaona wenyeji, Wainuit, wakivua samaki katika baridi kali hata samaki wakaganda karibu mara moja walipotolewa majini. Miezi ilipopita samaki hao walipikwa, na walikuwa kama waliovuliwa jana. Birdseye alifahamu kwamba siri ni upesi. Maji yakiganda polepole ndani ya nyama, hufanya chembe kubwa za barafu ambazo hupasua kuta za seli. Nyama ikiyeyuka hutoa maji na kuwa kama kitambaa kilicholowa. Yakiganda upesi, chembe huwa ndogo na nyama hubaki imara. Alitengeneza mashine za kugandisha kwa njia hiyo, na mwaka 1930 vyakula vyake vikaanza kuuzwa madukani katika mji wa Springfield, Massachusetts.

Sisi hatuna mashine ya Birdseye, lakini twaweza kuifuata kanuni yake kwa kufanya mafungu madogo na membamba. Mwanafunzi wa fizikia na apime. Bonge la wali lenye sentimita 20 kila upande lina eneo la nje la sentimita za mraba 2,400, na joto la katikati lina safari ya sentimita 10 kufika nje. Wali ule ule ukitandazwa kwa unene wa sentimita 2, upande wa juu peke yake una sentimita za mraba 4,000 na wa chini 4,000, na joto la katikati lina safari ya sentimita 1 tu. Chakula ni kile kile. Umbo ndilo lililobadilika.

Hesabu ya tatu yahusu kazi ya friza yenyewe. Kilo 1 ya maji yenye nyuzi 30, ili ifike sifuri, lazima itoe kilojuli 126 za joto. Lakini kuyageuza maji hayo ya sifuri yawe barafu hutaka kilojuli 334 zaidi, na chakula chetu sehemu kubwa yake ni maji. Ndiyo sababu friza ndogo iliyojazwa sufuria 3 za moto kwa wakati mmoja hushindwa. Tena huvipasha joto vile vilivyokuwa vimeganda. Poza kwanza, kisha gandisha kidogo kidogo.

KAZI YA SIKU YA SIKUKUU

Kazi ya kuhifadhi haianzi kesho yake. Huanza pale chakula kinapoepuliwa. Tena si kazi ya wasichana peke yao; mvulana alaye pilau ana mikono ya kushika sinia. Fuateni mpango huu:

1. Kabla ya kupakua, teka kwa mwiko safi fungu lile mnaloona litazidi, liweke mbali na meza. Hicho ndicho kiporo. Kinachokwenda mezani hakirudi tena kwenye akiba.

2. Kitandaze kwenye sinia pana kwa unene usiozidi vidole viwili. Kifunike kwa kawa au chandarua, inzi wasitue. Mchuzi na supu viwekwe katika sufuria ndogo, nazo zikalishwe ndani ya beseni la maji baridi na kukorogwa mara kwa mara.

3. Wali na uingie katika baridi ndani ya muda wa saa 1 ikiwezekana, na chakula chochote kisipite saa 2.

4. Kigawe mafungu ya asubuhi moja moja. Nyumba ya watu 5, fungu la watu 5. Fungu kubwa litawalazimisha kuyeyusha zaidi ya mnachokula.

5. Tumia makopo safi yenye vifuniko, au mifuko safi ya kuhifadhia chakula iliyokamuliwa hewa. Chakula kikiachwa wazi ndani ya friza hukauka na kufanya mabaka meupe. Kopo la supu lisijazwe pomoni, kwa maana maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa karibu sehemu 9 katika 100. Acha nafasi ya vidole viwili.

6. Andika jina la chakula na tarehe. Chakula kikisha kuganda hufanana, na mtu huweza kutoa maharage akidhani ni supu. Kazi hii apewe mtoto ajuaye kuandika.

VYAKULA SITA VYA ASUBUHI

Katlesi. Chemsha kilo 1 ya viazi mviringo, viponde vingali moto, vitie chumvi. Chukua nusu kilo ya nyama iliyobaki, ichambue au isage, uchanganye na kitunguu kilichokatwa vidogo, majani ya giligilani, pilipili manga na ndimu. Funika kijiko cha nyama kwa viazi, ufanye madonge ya mviringo yaliyobanwa. Yapange kwenye sinia yasigusane, yagande kwanza, ndipo uyatie pamoja katika mfuko, hivyo hayatashikana. Usiku wa kuamkia siku ya kula, yahamishie katika friji. Asubuhi yachovye katika yai lililopigwa na kuyakaanga kwa moto wa wastani mpaka ndani yawe moto kabisa. Viazi vya vipande vikigandishwa huwa maji maji. Vilivyopondwa havidhuriki, nayo ndiyo faida ya katlesi.

Sambusa. Nyama ile ile, ikikaushwa vizuri kwenye kikaango pamoja na vitunguu, hutiwa katika manda na kufungwa kwa uji mzito wa unga. Gandisha kabla ya kukaanga, nazo zisigusane. Sambusa hazingojewi ziyeyuke, kwa kuwa manda italowa. Zikaangwe zikiwa zimeganda, katika mafuta ya moto wa wastani, ili ndani kupate joto kabla nje hakujaungua.

Supu. Mifupa iliyobaki jikoni, wala si ile iliyotafunwa, ichemshwe siku ile ile kwa muda wa saa 2 pamoja na tangawizi, kitunguu saumu na chumvi. Ichuje, ipoze upesi, iengue mafuta, uitie katika makopo. Asubuhi itolewe, ichemke kwa nguvu, ikamuliwe ndimu. Supu na chapati ni chakula cha asubuhi kinachouzwa kila mji wa Tanzania. Hiki chenu kimekwisha kulipiwa.

Mtori. Desemba watu wengi wa Kilimanjaro hurejea nyumbani kwa sikukuu, na nyama hupikwa kwa wingi. Ndizi mbichi, hasa zile ziitwazo mshare, huchemshwa katika supu ya nyama hiyo mpaka zilainike, kisha hupondwa pamoja na nyama iliyochambuliwa. Mtori ni mzito, kwa hiyo huchelewa kupoa. Utandaze kwanza, ndipo uutie katika makopo. Asubuhi uongezee maji kidogo, ukoroge mpaka utokote.

Chapati, mahamri na maandazi. Hivi ni vyepesi kuliko vyote. Vikipoa, chapati zitengwe kwa karatasi safi baina ya moja na moja, mahamri yatiwe mfukoni. Chapati hutoka katika friza ikaenda moja kwa moja kwenye kikaango kikavu. Mahamri hupashwa kwa mvuke au katika jiko la kuokea.

Pilau na wali. Pilau hupashwa kama ilivyo: fungu la bapa litiwe katika sufuria na vijiko viwili vya maji, lifunikwe, na moto uwe mdogo mpaka mvuke utoke katikati. Wali mweupe wa jana, kama ulipozwa mapema na kulala katika friji, una kazi nyingine. Kikombe kimoja chake husagwa pamoja na vikombe viwili vya mchele uliolowekwa usiku, tui la nazi, sukari, hamira na iliki, ukaumuka na kuokwa kuwa mkate wa kumimina. Mkate huo, ukisha kupoa, hukatwa vipande na kugandishwa.

Visivyofaa kugandishwa ni kachumbari, ambayo hulegea ikawa maji. Mayai ya kuchemsha, ambayo ute wake huwa mgumu kama mpira. Na tikiti na matunda mengine ya maji, isipokuwa kwa kutengenezea sharubati. Hivi vigawieni majirani siku ile ile.

Katika friza iliyo na baridi ya kutosha chakula hakiwi hatari kwa kukaa, ila ladha yake hupungua. Afadhali vyote viwe vimekwisha kuliwa ndani ya mwezi mmoja au miwili. Wiki ya kwanza ya masomo yaweza kwenda hivi: Jumatatu supu na chapati, Jumanne katlesi na chai, Jumatano mkate wa kumimina, Alhamisi mtori, Ijumaa sambusa. Mama hakuamka saa 10 alfajiri, na hakuna aliyetoka nyumbani na njaa.

KUYEYUSHA NA KUPASHA

Usiyeyushe chakula mezani usiku kucha, kwa sababu nje hufika uvuguvugu wakati ndani kungali barafu. Kihamishie katika friji jioni, ndani ya bakuli, katika rafu ya chini. Kilicho chembamba chaweza kupashwa moja kwa moja.

Kupasha si kutia uvuguvugu. Katikati ya chakula pafike nyuzi 70 na zaidi. Nyumba isiyo na kipimajoto iangalie alama hizi: supu itokote, wali utoe mvuke kutoka katikati, na katlesi ikikatwa iwe moto usioshikika ndani. Koroga, maana chakula huweza kuchemka ukingoni kikawa baridi katikati. Pasha mara moja tu. Kilichopashwa kikabaki hakirudi tena katika friza.

UMEME UKIKATIKA

Umeme ukikatika, usifungue mlango wa friza kwa udadisi. Friza iliyojaa, ikiachwa imefungwa, huhifadhi baridi kwa muda wa saa 48 hivi. Iliyojaa nusu, saa 24. Friji ya kawaida haizidi saa 4. Kwa hiyo friza yenye nafasi tupu ijazwe chupa za maji, ambazo zikiganda hutunza baridi. Ila zisijazwe mpaka mdomoni.

Na mkienda safari ya sikukuu mkarudi baada ya wiki, mtajuaje kama umeme ulikatika muda mrefu? Fanyeni hivi. Gandisheni kikombe cha maji, kisha juu ya barafu wekeni sarafu. Mkirudi mkaiona sarafu juu, chakula hakikuyeyuka. Mkiikuta chini ya kikombe, barafu iliyeyuka yote kisha ikaganda tena, na chakula kile kisiliwe, hata kama kimekuwa kigumu kama jiwe. Hapa jicho hudanganywa, lakini sarafu haidanganyiki.

ASIYE NA FRIZA

Nyumba nyingi za wasomaji wetu hazina friza, na hilo si la kuonea haya. Kabla ya friza kufika, akiba ya chakula cha sikukuu ilikuwa tumbo la jirani: leo wewe wampelekea sinia, kesho yeye akuletea. Desturi hiyo ingali nzuri, na kwa asiye na umeme ndiyo salama kuliko zote. Mpelekee jirani chakula kingali moto mchana, si usiku kilipokwisha kuchoka. Au mwombe jirani mwenye friza nafasi ya makopo mawili, naye mpe moja. Tena pima kabla ya kupika: kilo 1 ya mchele yatosha watu 6 hadi 8. Nyumba iliyopima haina kiporo cha kukilinda.

Na mtu akitapika au akiharisha baada ya kula, apewe maji yenye dawa ya kuongeza maji mwilini kidogo kidogo. Mtoto mdogo, mzee, mjamzito, au yeyote aliyelegea au asiyeacha kutapika, apelekwe zahanati bila kungoja asubuhi.

MASWALI

1. Eleza tofauti kati ya kiporo na makombo. Kwa nini kimoja huwekwa na kingine hakiwekwi?

2. Bakteria 10 wamo katika mchuzi wenye uvuguvugu, nao hugawanyika kila dakika 20. Watakuwa wangapi baada ya saa 3?

3. Ndugu yako asema, "Pilau hii ilikaa nje tangu mchana, lakini tutaichemsha sana." Mjibu kwa sababu mbili.

4. Una lita 2 za supu na makopo ya lita 1. Wahitaji makopo mangapi, na kwa nini hayatoshi mawili?

5. Mwulize bibi au babu yako: kabla umeme haujafika kwao, nyama ya sikukuu ilihifadhiwaje? Andika majibu yake kwa ukurasa mmoja, kisha ueleze, kwa sayansi uliyojifunza hapa, ni lipi kati ya hayo lililowazuia bakteria, na kwa njia gani.